Tupeane uzoefu: uliishije na wazazi wanaompenda ndugu yako zaidi?

Mleta mada: Wakuu, jana nimemsikia mama akiongea na mdogo wangu kwenye simu. Kicheko kile mimi sijawahi kukipata. Nikipiga mimi naulizwa kuna shida gani. Nina watoto wangu sasa, lakini bado inauma. Mliopitia haya, mliishije nayo?

Kifungua mimba: Umenigusa penyewe. Mdogo wangu akivunja kikombe nachapwa mimi, eti nilikuwa wapi. Hadi leo kwenye vikao vya familia mimi natoa pesa, yeye anatoa maoni, na maoni yake ndiyo yanayopita.

Binti wa kati: Hapo kwenye pesa na maoni! Basi tu.

Muuguzi wa nyumbani: Acheni nami niseme. Mama alipolala kitandani niliacha kazi nikamuuguza: kumwogesha, kumgeuza asipate vidonda, dawa usiku wa manane. Kaka alikuwa mbali, hata simu kwa nadra. Siku aliyokuja, mama aliyekuwa amegoma kula tangu asubuhi aliomba aketishwe, akaomba na kitana. Nikamchana mwenyewe. Kaka kuingia tu, mama akamshika mkono: "Sasa mwanangu amefika." Mimi nimesimama pale na beseni, taulo begani. Kisha akaniambia, "Hebu tupishe kidogo."

Nikatoka kumwaga maji. Kupitia dirishani nikamwona anatoa bahasha chini ya mto. Hati ya nyumba. Bahasha ile ile niliyokuwa nairudisha mahali pake kila nikibadilisha foronya, nikijua ni karatasi za hospitali.

Mama ametangulia mbele ya haki. Nyumba siidai. Lile neno "mwanangu" ndilo linaloniamsha usiku.

Binti wa kati: Pole sana dada. Nimelia.

Kifungua mimba: Hati ina jina la nani? Kama ni la mama na hakuna wosia, hiyo ni mirathi. Kushikishwa karatasi si kuhamishiwa umiliki. Kamwone wakili.

Mtu mzima: Tusiwahukumu wazazi. Hata Yakobo alimpenda Yusufu kuliko wenzake, na alikuwa nabii.

Binti wa kati: Na Yusufu akatupwa shimoni! Mzee wangu, soma Mwanzo 37 yote. Kile kisa ni onyo, si ruhusa.

Mtu mzima: Mwanangu, mimi nimesema tusihukumu, sijasema ni sawa.

Msomaji: Kwetu Waislamu ipo hadithi ya Nu'man bin Bashir. Baba yake alimpa zawadi, akaenda kwa Mtume awe shahidi. Mtume akamuuliza kama watoto wote wamepewa vivyo hivyo. Aliposema hapana, akaambiwa wamche Mungu, wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Mzee, jambo hili limeshasemwa.

Kitinda mimba: Mimi ndiye ninayependwa. Ndugu zangu hawanisemeshi, na baba akiumwa napigiwa mimi peke yangu. Sikuomba.

Binti wa kati: Hukuomba, ila ukipewa unapokea.

Kitinda mimba: Usinibebeshe ya kaka wa mwenzio.

Msomaji: Punguzeni hasira. Watafiti Jill Suitor na Karl Pillemer wa Marekani walianza mwaka 2001 kuwafuatilia akina mama na watoto wao wazima. Waligundua kwamba watoto wengi hukosea wakiulizwa mama anampenda nani zaidi. Mleta mada, kaa na mama yako umuulize kwa upole.

Kifungua mimba: Usiulize! Mimi niliuliza, nikaitwa mwenye wivu mbele ya ukoo mzima. Punguza simu, tunza wanao.

Mtu mzima: Muulize akiwa peke yake, na usimtaje mdogo wako. Mwambie tu umemkumbuka.

Muuguzi wa nyumbani: Kifungua mimba, hati ina jina la mama na wosia haupo. Nimefikiria wanangu. Wakili namwona wiki hii.