Leo nimeambiwa nachanganya Star Trek na Star Wars, picha mbili tofauti kabisa za anga za juu. MIMI!

Mods naomba msiunganishe huu uzi na mwingine wowote, niacheni nipumue kwanza. Mikono inatetemeka na simu ina chaji asilimia 9.

Huyo mtu mnamjua. Simtaji. Ni yule yule wa benchi la mbele pale kibanda umiza, anayeshika rimoti kama fimbo ya chifu na hajalipa kiingilio tangu tupate uhuru.

Nimetoka hapo sasa hivi. Imewekwa Star Trek Into Darkness, ile ya 2013. Nimejitulizia na kisahani changu cha mihogo ya kukaanga. Ikafika pale adui, anayeigizwa na Cumberbatch, anapotamka jina lake: Khan. Nami kwa upole, naapa kwa upole, nikasema huyu siye. Khan wa tamthilia ya 1967 na wa picha ya 1982 ni mwigizaji Ricardo Montalbán, na ile ya 1982 kifua wazi, nywele nyeupe, mbabe haswa. Wakaniambia hii ni mpya, historia imebadilika. Sawa! Nakubali! Nero, adui wa picha ya 2009, katoka mwaka 2387 akarudi nyuma akaangukia 2233, kailipua meli ya Kelvin, baba yake nahodha Kirk akafa. Kuanzia hapo ruksa kila kitu kigeuke. Sayari nzima ya Vulcan imemezwa na sikufungua uzi. Lakini Khan alipaa na meli kuihama dunia 1996! Nero anafika 2233, Khan kalala usingizi wa barafu zaidi ya miaka 200. Ukichepusha mto Ruvu kule Bagamoyo, maji ya Uluguru yatageukaje?

Nikakaa kimya nisikie hoja. Jamaa akasimamisha picha. AKASIMAMISHA. Khan kaganda mdomo wazi. Akageuka taratibu, akaniangalia kama daktari mwenye majibu mabaya, akasema: "Mzee, unachanganya na Star Wars."

Kibanda kikalipuka. Kuna katoto ka darasa la pili, hata Kirk hakamjui, kalicheka mpaka kakadondoka kwenye benchi. Na muda wote huo yule mtu mkononi ana muhogo WANGU.

Star Wars! Mimi ambaye mwanangu wa kwanza anaitwa Nyota kwa sababu ya Nyota Uhura, afisa wa mawasiliano kwenye meli ya Kirk, jina walilolitoa kwenye neno letu wenyewe! Mimi ninayeijua kwa moyo ile sehemu ya 1967 mashine Nomad inamfuta Uhura kumbukumbu halafu mama wa watu anaanza kusema Kiswahili! Huyu mtu anadhani yule mzee Nimoy wa 2009 ni babu yake Spock. BABU! Wakati ni Spock mwenyewe kazeeka.

Angenifokea ningesamehe. Alisema taratibu. "Unachanganya." Huku anatafuna.

Konda wa Enterprise: Punguza povu mkuu, utaua kioo cha simu.

Kobe Mzee: Kwani tofauti ni nini? Si wote wanapigana na yale mapanga ya taa?

Mleta uzi: Mapanga ya taa ni ya Star Wars! Umekula bloku.

Binti Saluni: Nimecheka kwenye daladala mpaka konda kaniuliza kama niko sawa. Hako katoto kapewe soda.

Fundi Redio: Mleta uzi una hoja ila una upofu wa kuchagua. Huyo Khan wako wa 1982 anamwona Chekov, baharia wa Kirk, anasema sura haisahau. Sura ipi? Khan wa kwanza alirushwa Februari 1967, Walter Koenig anayemwigiza Chekov hata hajaajiriwa, kaingia msimu wa pili! Hapo hukulia?

Mleta uzi: Alikuwepo melini, kamera tu haikumfikia. Koenig mwenyewe alishatania kwamba Chekov alijifungia chooni, Khan akasubirishwa nje, ndiyo maana hakumsahau. Choo kinaingia akilini. Sura mpya haiingii.

Fundi Redio: Kwa hiyo utetezi wako ni choo.

Binti Saluni: Kwa hiyo utetezi wake ni choo 😂😂

Mwalimu wa Zamu: Simon Pegg, anayemwigiza fundi Scotty kwenye hizi mpya na mmoja wa waandishi wa ile ya 2016, alishasema ajali ya Nero ilitikisa historia pande zote mbili, mbele na nyuma. Uluguru nako kumeguswa.

Mleta uzi: Huyo naye angekuwepo kibandani angekula muhogo wangu.

Mtu wa Likoni: Ndugu yangu wa Bongo, wacha kulia kwa sura. Sisi wa Terminator, John Connor tumemlinda tangu 1984 akiwa tumboni, 1991 tukamlinda tena, halafu 2019 wanamuua mwanzoni mwa picha hata sijakaa vizuri. Steringi! Nilizima tivii, nikakaa gizani.

Konda wa Enterprise: Steringi hafi. Hiyo ilikuwa dhambi.

Babu Klingoni: Mnalia madogo. Wale Klingoni, wapiganaji wa sayari nyingine humo Star Trek, wa miaka ya 60 wana mapaji laini kama yai, 1979 wakaota matuta usoni. Worf, Mklingoni mwenzao, alipoulizwa kwenye tamthilia 1996 akajibu hawaongelei jambo hilo na watu wa nje. Kama ukoo wenye kesi ya mirathi.

Kobe Mzee: (nimerudi na akaunti ya mke wangu) Mimi tatizo langu ni DJ anayetafsiri. Spock anaongea mantiki dakika nzima, yeye anasema "jamaa kakataa."

Mtu wa Likoni: Hahaha, huyo amefupisha vizuri.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. ALISIMAMISHA PICHA.

Bi Chachandu: Mimi nauliza, hiyo mihogo ilikuwa na chachandu au mikavu?

Mleta uzi: Chachandu. Inahusu nini?

Bi Chachandu: Bei gani?

Mleta uzi: Mia tano vipande vitatu. Kimoja kala yeye.

Fundi Redio: Vitatu?! Huku kwetu Tandika vinne, na chachandu unajipakulia.

Konda wa Enterprise: Vinne vyembamba kama penseli, nyie watu wa Tandika acheni.

Fundi Redio: Vyembamba? Nakuja kupiga picha sasa hivi, subiri hapo hapo.