MREJESHO: MD5 kwenye mikataba ya saccos
Wakuu, niliuliza kama MD5, njia ya kukokotoa heshi (alama fupi ya faili, faili likibadilika nayo hubadilika), inatosha kugundua mikataba ya mikopo iliyochezewa kwenye saccos yetu hapa Moshi. Mliosema haifai mmeshinda. Mwaka 2004 Wang Xiaoyun na wenzake walionyesha data mbili tofauti zenye heshi moja, na 2017 SHA-1, njia nyingine ya heshi, nayo ikaangushwa kwa PDF mbili zenye heshi moja. Kutoka heshi kurudi kwenye faili bado ni ngumu mno, ila tapeli hahitaji hilo: anaandaa mapema mikataba miwili yenye heshi moja, mmoja usainiwe, mwingine auchomeke baadaye. Tumehamia SHA-256, njia ya heshi iliyo imara zaidi. Mhasibu analalamikia urefu wa heshi, herufi 64, atazoea tu. Nywila za wanachama tumezipeleka Argon2, njia ya heshi iliyofanywa nzito makusudi kwa ajili ya nywila, maana huko kasi ya SHA-256 inamfaa mwizi anayekisia nywila nyingi haraka.