Tupeane uzoefu: ulipoenda kuuliza hospitali "ilikuwaje?", walikujibu nini?

Baba Nasra:
Wakuu habari za jioni. Leo tuache siasa kidogo, nataka waliowahi kuumizwa hospitali au wana ndugu aliyeumizwa waje waseme, siyo kilichotokea tu, mseme na ulipoenda kuuliza ulijibiwaje maana mimi hapo ndipo niliponyooshwa.

Naanza. Mwaka juzi wife alijifungua kwa upasuaji, hospitali siitaji, mtoto mzima kilo tatu na ushee tukashukuru Mungu. Wiki ya tatu tumbo likaanza kuvimba, homa haiishi, tukirudi wanasema huo ni mshono tu mama utakaa sawa, anapewa vidonge vya maumivu tunarudi home. Mara ya tatu shemeji yangu akagoma kabisa akasema huyu tunampeleka kwingine. Kule wakampiga utrasaundi, wakamfungua tena, wakatoa kitambaa cha kufutia damu kimeoza. Nilionyeshwa kwenye kibeseni, ile harufu mpaka leo ipo puani.

Nikarudi kule kwa kwanza, wakanipokea vizuri mpaka soda nikaletewa. Tuachie karatasi ya ruhusa na za huko mlikotoka, tutakupigia. Na mimi kwa ujinga wangu nikaacha orijino zote. Kuja mara ya pili faili halionekani, karatasi hazionekani, na aliyezipokea eti kahamishwa. Hata soda haikuwepo.

Mama Kulwa:
Pole sana kaka. Mwanangu ana aleji ya penisilini, imeandikwa kwa wino mwekundu kwenye kadi yake. Tulifika usiku, nesi anavuta dawa kwenye sindano nikamuuliza dada hiyo ni dawa gani, akanijibu "kwani mama wewe ni daktari?" nikanyamaza. Haikupita muda mtoto midomo imevimba, pumzi anaitafuta. Walikimbia nao wakamuokoa, hilo siwanyimi. Asubuhi daktari wa zamu akaniita pembeni akasema mama kosa ni letu, tusamehe. Nilishajipanga kwenda mbali lakini ile kauli ikanimaliza nguvu, sikushitaki. Mume wangu ananilaumu mpaka kesho.

Sista Zamu ya Usiku:
Naomba nisipigwe mawe, mimi ni nesi mwaka wa 11 kazini. Usiku mko wawili, wodi imejaa wengine wamelala chini, na siyo kila anayefia mikononi mwetu ameuawa na uzembe, kuna magonjwa yanashinda watu. Ila Mama Kulwa huyo alikukosea hata kama dawa ingekuwa sahihi, mgonjwa au mzazi akiuliza dawa lazima aambiwe, na anaweza kukataa.

Na la kitambaa sina utetezi wowote. Vinahesabiwa kabla ya kupasua na vinahesabiwa tena kabla ya kufunga tumbo, watu wawili, kwa sauti, inaandikwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya ukaguzi wa upasuaji tangu 2008 na kuhesabu imo humo. Baba Nasra, hesabu hiyo ilitakiwa iwe ndani ya hilo faili lililopotea. Sisemi zaidi nina watoto wanasoma.

Jembe la Mkono:
Mkuu sema tu unatafuta hela.

Baba Nasra:
Ndiyo natafuta, operesheni ya pili niliuza pikipiki. Umefurahi?

Otis 001:
Huku Kenya ni hivyo hivyo. 2018 pale Hospitali ya Kenyatta walimfungua kichwa mgonjwa ambaye hakuhitaji kupasuliwa, walichanganya wagonjwa wawili, wako ndani ndio wanashangaa hakuna damu iliyoganda. Na yule mama wa Bungoma aliyezalia sakafuni 2013 huku akitusiwa na kupigwa, video ikasambaa, akaenda kortini, 2018 Mahakama Kuu ikampa milioni 2 na nusu za Kenya. Bila ile video ingekuwa maneno yake na ya manesi.

Mzee wa Posta:
Kenyatta waliiga kwetu, Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili 2007 majina ya kwanza ya wagonjwa wawili yalifanana, mwenye goti akapasuliwa kichwa, mwenye kichwa akapasuliwa goti, na huyo wa kichwa akafariki.

Wakili Uchwara:
Baba Nasra, mwaka juzi mwezi gani? Madai ya namna hii kwa Tanzania ni ndani ya miaka 3, ukipitisha umekwisha. Na kama ni hospitali ya serikali unatanguliza notisi ya siku 90 kwanza kabla ya kufungua kesi, watu wengi wanaangukia hapo. Baraza la Madaktari Tanganyika unaweza kulalamika sambamba, lile linaweza kumfungia daktari au kumfuta kwenye rejista ila fidia utaidai mahakamani, na unamshitaki mwajiri pia siyo daktari peke yake.

Shida yako kubwa siyo kuthibitisha kitambaa, kule kwa pili wana kumbukumbu zao, nenda kaombe nakala KWA BARUA wagonge muhuri. Shida ni kuthibitisha kilitoka kwenye upasuaji upi na nani alipasua. Ulilipa wapi? Risiti? Hakuna mtu aliyepiga picha hata moja?

Baba Nasra:
Ilikuwa mwezi wa kumi, kwa hiyo bado nimo. Risiti zilikuwa ndani ya bahasha ile ile niliyoacha.

Kuhusu picha, nimempigia simu shemeji sasa hivi. Siku ya kuruhusiwa alimpiga picha mtoto akiwa kitandani amtumie bibi yake kijijini. Kanitumia. Pembeni ya mtoto ile karatasi ya ruhusa ipo, jina la hospitali linasomeka, nikiivuta tarehe ya upasuaji nayo inasomeka. Jina la daktari limefunikwa na kanga.