Naomba ushauri: nimemeza P2, nitajuaje kama imefanya kazi?

Mama Ima, Sakina, Arusha (Jumatatu jioni)

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka miwili, ninaishi na mume wangu hapa Sakina. Usiku wa Jumamosi kondomu ilitupasukia, na kwa hesabu zangu nilikuwa katika siku za hatari. Jumapili saa nne asubuhi nilinunua P2, yaani vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, duka la dawa, ile pakiti yenye vidonge viwili, nikavimeza vyote kwa pamoja kama nilivyoelekezwa na muuzaji, ingawa karatasi ya ndani inasema cha pili kimezwe baada ya saa 12. Saa nane mchana nilitapika, na leo ninaona matone ya damu. Jirani yangu ambaye ninamheshimu sana ameniambia kwamba dawa hii hutoa mimba na huharibu kizazi. Maneno hayo yameninyima amani, kwa sababu tunatamani mtoto wa pili nikishapona. Naomba mwenye ufahamu anieleweshe.

Mfamasia, Kijenge

Pole sana dada. Muuzaji alikuelekeza vyema: vidonge hivyo viwili vina miligramu 0.75 kila kimoja, na kuvimeza kwa pamoja kunatosha kama kuvigawa, tena kunaondoa hatari ya kusahau cha pili. Kutapika kusikutie shaka, kwa kuwa ulitapika saa nne baada ya kumeza. Anayepaswa kurudia dozi ni yule aliyetapika kabla ya saa mbili kupita.

Kuhusu namna inavyofanya kazi, P2 ina homoni iitwayo levonojestreli, ambayo huchelewesha yai kutoka kwenye ovari. Mbegu za mwanamume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5, kwa hiyo yai likicheleweshwa, mbegu hufa kabla hazijalikuta. Ndiyo sababu tunasisitiza imezwe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 72, kwani kila saa inayopita yai linaweza kuwa limekaribia kutoka, na likishatoka dawa haina la kufanya. Haitoi mimba iliyokwisha kutungwa wala haimdhuru mtoto aliye tumboni, na haiharibu kizazi. Jirani yako anakutakia mema, lakini katika hili amepotoshwa.

Dada wa Majengo, Moshi

Mimi pia nilipata matone kama hayo, pamoja na kichwa kuuma na maziwa kujaa, na hedhi yenyewe ikachelewa siku chache. Usiyahesabu matone hayo kuwa ndiyo hedhi.

Nesi Mstaafu, Moshi

Mama Ima mwanangu, umeandika "nikishapona". Unaumwa nini, na unatumia dawa gani? Hilo lilipaswa kuulizwa dukani kabla hujapewa vidonge.

Mama Ima

Shikamoo mama. Nina TB ya mapafu, niko mwezi wa tatu wa dawa. Ni zile zinazofanya mkojo uwe na rangi ya chungwa. Hakuna aliyeniuliza.

Nesi Mstaafu, Moshi

Marahaba mwanangu. Rangi hiyo inatokana na rifampisini, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kwa sababu rifampisini hulifanya ini livunjevunje homoni za uzazi wa mpango haraka kuliko kawaida, kiasi kwamba P2 uliyomeza inaweza kuwa haikufikia kiwango kinachohitajika. Baadhi ya dawa za kifafa, na efavirenzi kwa wanaotumia ARV, zina tabia hiyo hiyo. Kwa mtu wa namna yako miongozo huruhusu dozi maradufu, lakini lililo bora zaidi ni kitanzi cha madini ya shaba, ambacho hakitegemei homoni na huzuia mimba kwa zaidi ya wanawake 99 kati ya 100 kikiwekwa ndani ya siku 5. Kwako, siku hizo zinaisha Alhamisi usiku. TB ya mapafu haizuii kuwekewa kitanzi. Inayozuia ni TB ya nyonga.

Kesho asubuhi nenda kliniki ya uzazi wa mpango ukiwa na kadi yako ya TB, na uwaeleze saa ya tukio na saa uliyomeza. Tafadhali usiache dawa za TB hata siku moja kwa ajili ya jambo hili, na usimeze P2 nyingine kwa kukisia mwenyewe.

Mfamasia, Kijenge

Ninakubaliana na mama kwa kila neno, na ninasikitika kwamba sikuuliza kwanza. Niongeze tu kwamba hata vidonge vya kila siku na vijiti vya kuzuia mimba vinavyowekwa mkononi hupungua nguvu mbele ya rifampisini, na hali hiyo huendelea kwa takriban wiki 4 baada ya kumaliza dozi ya TB. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki. P2 pia haikulindi kwa tendo litakalofuata, hivyo endeleeni na kondomu.

Mama Ima (Jumatano)

Nimewekewa kitanzi leo asubuhi. Mume wangu alinisindikiza. Nimeambiwa kitakapotolewa ninaweza kushika mimba bila kusubiri. Sasa nipime mimba lini, na ni mambo gani niyaangalie?

Nesi Mstaafu, Moshi

Nimefurahi sana mwanangu. Pima mkojo wiki 3 baada ya usiku ule wa Jumamosi, au mapema zaidi iwapo hedhi itachelewa kwa zaidi ya siku 7. Miezi ya mwanzo kitanzi cha shaba huongeza damu ya hedhi na maumivu ya tumbo, na kwa kawaida hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Lakini ukipata homa, uchafu wenye harufu mbaya, au maumivu makali upande mmoja chini ya kitovu, nenda hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.