Eti "Nani atajua?" Jamaa kaniharibia siku!

KotiLaKitani: Wakuu, nimetoka lokesheni sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua ninayemsema, yule dairekta wa "picha yangu ni historia tupu". Miezi minne nimeshinda maktaba huku Minnesota, Marekani, bila hata senti, nikimtafutia kila kitu kuhusu uvamizi wa benki ya Northfield, 7 Septemba 1876. Majambazi wanane, genge la akina James na Younger. Yale makoti marefu ya kitani yaliyoficha bastola nimeyashona kwa mkono wangu!

Leo analeta bunduki. Winchester ya 1892! Nikamwambia kwa upole, kaka, hii ilikuja kutengenezwa miaka 16 baadaye. Akaniangalia kama inzi kwenye chai, mbele ya watu wote mpaka farasi, akasema: "Nani atajua?"

Nani atajua! Joseph Lee Heywood, mfanyakazi wa benki ile, alikataa kuwafungulia sefu, wakampiga risasi ya kichwa. Raia wakatoka na bunduki, wakaua majambazi wawili palepale mtaani. Damu yote hiyo, na walichoondoka nacho hakikufika dola 27. Mji mzima unaadhimisha siku ile kila Septemba hadi leo, halafu nani atajua? Mtoto wa chekechea wa pale anajua!

Na alikuwa anatafuna muhindi. "Nani atajua?" huku punje zinamruka mdomoni!

Kiroboto_Moro: Miezi minne bure? Mkuu, hapo kwanza ujilaumu mwenyewe.

DadaUzi: Huyohuyo! Mimi alinisumbua wiki nzima nimletee nguo za 1880, siku ya kurekodi akamvalisha jambazi jinzi ya zipu.

Kiroboto_Moro: Sasa zipu nani anaiangalia?

DadaUzi: Mimi niliyeshona suruali sita za vifungo naiangalia!

Mtu_wa_Songea: Zipu afadhali. Mimi nimeona picha ya Maji Maji, mwaka 1905, mganga anagawa dawa na nyuma yake nguzo ya umeme.

KotiLaKitani: Jamani, tulikuwa kwenye bunduki. Kasema "nani atajua" MBELE YA WATU.

MamaKideo: Songea, hiyo picha naijua, mganga ana saa mkononi pia. Na sauti ndiyo mbovu kuliko vyote, mtu anafoka unasikia jogoo tu.

Mtu_wa_Songea: Yule jogoo! Anawika mwanzo mpaka mwisho, hata usiku wa manane!