Tiketi ya Colosseum ni euro 18, mbona nauziwa kwa euro 62? Walanguzi wameiteka Roma

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira niliyokaa nayo kwa wiki tatu, na naomba mnivumilie kwa urefu wake.

Ninaishi na kufanya kazi kusini mwa Ujerumani. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, amekuja kunitembelea kutoka Bukoba kwa viza ya Schengen tuliyoihangaikia tangu mwanzoni mwa mwaka: barua ya mwaliko, taarifa za benki, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ada ya euro 90 ambayo hairudishwi hata ukinyimwa. Kwa kuwa viza hiyo inamruhusu kuingia Italia pia, tulikubaliana kwenda Roma kwa siku tatu, tukiingia Ijumaa asubuhi na kuondoka Jumapili usiku.

Mama hakuomba mengi. Alitaka kuingia Basilika la Mtakatifu Petro. Alitaka pia kusali katika kanisa la San Francesco a Ripa, mtaa wa Trastevere, kwa sababu ndilo alilokabidhiwa Kardinali Laurean Rugambwa, mtu wa kwetu Bukoba, kwa heshima ya cheo chake mwaka 1960, Papa Yohane wa XXIII alipomfanya kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi, na mtu wa Bukoba haendi Roma akaliacha kanisa hilo. Jambo la tatu ndilo lililonishangaza. Alitaka kusimama mahali Abebe Bikila alipomalizia mbio. Marehemu babu alikuwa akiwasimulia watoto wake, mwaka hadi mwaka, jinsi yule Mwethiopia alivyokimbia marathoni ya Olimpiki ya Roma pekupeku, tarehe 10 Septemba 1960, akapita gizani katika barabara ya kale ya Appia iliyomulikwa kwa mienge, akamaliza wa kwanza chini ya Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mama ameniambia kwamba akifika pale atavua viatu, na sijamcheka, kwa sababu najua anamaanisha.

Tao hilo liko kando kabisa ya Colosseum, ule uwanja mkubwa wa kale wa Warumi, na nikaona haiwezekani nimfikishe mama hadi kwenye ukuta wa uwanja uliozinduliwa na Mfalme Tito wa Roma mwaka 80 baada ya Kristo, halafu nimwambie kwamba ndani hatuingii. Hapo ndipo nilipoingia mikononi mwa walanguzi.

Tiketi ya kawaida, kwa bei iliyowekwa na serikali, ni euro 18, na ndani yake umo pia mlango wa magofu ya jirani, yaani Foro Romano na kilima cha Palatino. Tiketi hizo huanza kuuzwa siku 30 kabla ya siku ya kuingia. Niliiweka tarehe hiyo kwenye simu, nikaomba ruhusa ya kuchelewa kazini, nikakaa mbele ya kompyuta kabla mauzo hayajafunguliwa. Yalipofunguliwa nilichagua Jumamosi saa nne asubuhi, watu wawili, nikabonyeza, nikaambiwa kwamba nafasi hazipo. Nikajaribu saa tano, kisha saa sita, kisha saa nane. Siku nzima ilikuwa imekwisha kabla sijamaliza kuandika jina la mama.

Nikafungua tovuti za mawakala. Jumamosi ile ile, saa zile zile nilizoambiwa zimekwisha, zilikuwa zimejaa tele, kwa euro 62, euro 74 na euro 89 kwa kila mtu. Eti bei hiyo ni ya "kuruka foleni" na ya kiongozi wa msafara atakayekueleza historia kwa saa moja. Naomba tuelewane hapa, kwa sababu wengi wetu hudanganywa kwa neno hilo la foleni. Tiketi ya euro 18 yenyewe ina saa maalumu ya kuingia, na saa hiyo ndiyo inayokuondoa kwenye foleni ya kununua. Foleni ya ukaguzi wa usalama ni ya kila mtu, awe amelipa euro 18 au euro 89, na hakuna wakala anayeweza kukurusha juu yake.

Sisi tuliozaliwa Tanzania tunalo jina la biashara hii, wala hatukulipata jana. Wakubwa wetu wanakumbuka kampeni ya mwaka 1983, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, sukari na sabuni zilipotoweka madukani na kuonekana nyuma ya nyumba kwa bei mara tatu, na aliyezificha akaitwa mlanguzi. Sizungumzii kama kampeni ile iliendeshwa kwa haki au la, nazungumzia neno. Mtu anayekusanya bidhaa ya umma kabla umma haujaifikia, kisha akauuzia umma huo huo kwa bei anayoitaka yeye, ni mlanguzi, hata kama ana tovuti nzuri, nyota tano na picha za familia zinazotabasamu.

Wala si mimi peke yangu ninayesema hivyo. Mamlaka ya Italia inayosimamia ushindani na kuwalinda walaji ilianza kulichunguza jambo hili mwaka 2023, na Aprili 2025 ikatangaza faini za karibu euro milioni 20 dhidi ya kampuni iliyokuwa ikiendesha mauzo ya tiketi za Colosseum pamoja na mawakala sita. Mamlaka hiyo ilieleza mambo yale yale niliyoyaona kwa macho yangu: kwamba tiketi za bei ya kawaida zilikuwa zikimalizwa na programu za kompyuta zinazonunua kwa kasi ambayo kidole cha binadamu hakiwezi, kwamba mwuzaji hakuchukua hatua za kutosha kuzizuia, na kwamba sehemu kubwa ya tiketi ilitengwa kwa ajili ya kuuzwa pamoja na ziara za bei ya juu. Niliposoma uamuzi huo nilipata moyo, nikadhani waliobaki watakuwa wameogopa. Sasa nauliza: ikiwa faini zimeshatolewa, mbona mimi nakutana na ukuta ule ule?

Tangu Oktoba 2023 tiketi ya Colosseum huandikwa jina la mwenye kuingia, na mlangoni hukaguliwa pamoja na pasipoti au kitambulisho. Nia ya utaratibu huo ni njema. Lakini wakala niliyemlipa hatimaye, kwa kuwa nililipa, euro 124 kwa watu wawili, aliniletea hati isiyo na jina la mama wala langu, yenye maelekezo ya kumtafuta mtu mwenye bendera nje ya kituo cha treni za chini ya ardhi. Nilipoandika kuuliza majina yetu yako wapi, nilijibiwa kwamba yataingizwa baadaye. Siku tano baadaye ikaja barua pepe nyingine kwamba saa ya kuingia imehamishwa kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni, "kutokana na upatikanaji." Maana yake ni kwamba siku waliyochukua fedha zangu hawakuwa na tiketi yoyote mkononi. Waliniuzia ahadi, kisha wakaenda kuitafuta.

Mama ana magoti mabovu. Asubuhi anatembea vizuri, na ifikapo jioni anahitaji kukaa kila baada ya hatua mia. Ndiyo maana nilichagua saa nne, na nililiandika hilo kwenye fomu yao, palipoulizwa kama kuna msafiri mwenye hitaji maalumu. Niliomba nirudishiwe fedha, nikajibiwa kwamba masharti hayaruhusu kurudisha fedha endapo saa "imerekebishwa ndani ya siku hiyo hiyo." Kuhama kutoka asubuhi hadi jioni kwao ni marekebisho madogo.

La Vatikani linaniuma zaidi kwa sababu linagusa imani ya mama yangu. Tulipanga Jumapili. Nilitaka kumwonyesha na Makumbusho ya Vatikani, na ukurasa wa wakala mwingine uliniuzia kile walichokiita "Ziara ya Vatikani, Jumapili," kwa euro 39 kila mtu, ukiwa na picha kubwa ya dari ya Kikanisa cha Sisto. Baada ya kulipa ndipo nilipoanza kusoma kwa utulivu, nikagundua kwamba Makumbusho ya Vatikani hufungwa siku za Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho ya mwezi, ambayo kuingia ni bure, na Jumapili yetu si ya mwisho. Kikanisa cha Sisto kiko ndani ya makumbusho hayo, kwa hiyo nacho hakifikiki. Nilichouziwa kwa euro 78, kilichoandikwa kwa herufi ndogo mwishoni mwa ukurasa, ni matembezi katika uwanja wa Mtakatifu Petro na kuingia basilika. Uwanja ule hauna kiingilio. Basilika nalo halina kiingilio. Unapanga mstari wa ukaguzi, umefunika mabega na magoti, unaingia. Wamemtoza mwanamke mzee wa Kikatoliki fedha za kuingia katika nyumba ya sala ambayo mlango wake uko wazi kwa kila mtu! Nakubali kwamba nilipaswa kusoma kabla ya kulipa, lakini picha ile haikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Iliwekwa ili mtu kama mimi asisome.

Baada ya hapo nilikagua kila kitu upya, na nayaandika niliyoyaona ili mwingine asilipie ujinga kama nilivyolipa. Pantheon, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa bure, tangu Julai 2023 lina kiingilio cha euro 5, nami nimeliona likiuzwa kwa zaidi ya mara tatu ya hiyo kwa sababu tu limeongezewa sauti ya kusikiliza kwenye simu. Teksi rasmi kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino hadi ndani ya kuta za kale za Aurelian, yaani katikati ya jiji, ina nauli maalumu ya euro 55 kwa gari zima pamoja na mizigo, lakini tovuti iliyoniuzia hoteli ilinipendekezea "usafiri wa uhakika" kwa euro 90. Treni ya moja kwa moja hadi kituo cha Termini ni euro 14. Hoteli nayo ina kodi ya jiji, ambayo kwa nyota tatu ni euro 6 kwa kila mtu kwa kila usiku, na haikuonekana kwenye bei niliyoonyeshwa mwanzo. Sina ugomvi na kodi yenyewe, kwa sababu jiji lina haki ya kutoza wageni wake. Ugomvi wangu ni na anayeificha hadi dakika ya mwisho ili bei yake ionekane ndogo.

Jana mama aliniona nikibishana tena na barua pepe hizi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani huo uwanja ni wa serikali au ni wa hao watu?" Nilimjibu kwamba ni wa serikali. Akauliza, "Sasa mbona serikali haikai mlangoni pake?" Sikuwa na jibu, na tangu jana sijalipata.

Kwa hiyo nimefanya mawili. Nimewaandikia mawakala wote wawili nikidai fedha zangu zote, euro 202, na nimewapa siku kumi na nne kabla sijaiomba benki yangu izirudishe. Kisha nimepeleka malalamiko kwa ile mamlaka ya Italia, nikiambatanisha picha za kurasa zao, saa nilizoambiwa nafasi zimekwisha, na saa zile zile nilizouziwa. Nawaomba wenzangu mlioingia Colosseum mwaka huu kwa tiketi ya euro 18 mnieleze mliipataje, kwa siku gani na saa ngapi, na kama kuna aliyewahi kuinunua dirishani siku hiyo hiyo bila kumchosha mzee kwa foleni. Naomba mnitajie bei halisi mliyolipa, si ushauri wa kumtafuta wakala mwingine.

Safari iko pale pale. Ijumaa tutaanzia San Francesco a Ripa, kisha mama apumzike. Jumamosi asubuhi, tiketi ipatikane isipatikane, tutashuka kituo cha Colosseo na kwenda kwenye Tao la Konstantino, ambalo liko nje, hewani, na halina mlango wa kulipia. Wakala yeyote akinijibu, jibu lake nitaliweka hapa hapa kama lilivyo.