Brenne, Sologne, Dombes au Mille Étangs: wapi pa kutembea taratibu kando ya mabwawa Ufaransa?

Tafuta_Kivuli
Wakuu, habari za humu. Nalinganisha sehemu nne za mashambani Ufaransa zenye mabwawa na misitu: Brenne, Sologne, Dombes na uwanda wa Mille Étangs kule Haute-Saône. Kundi ni watu wazima watano, mmoja wao mama wa miaka 71 ambaye goti lake halitaki mteremko, pamoja na mtoto wa miaka 8. Siku tatu, kilomita 8 hadi 10 kwa siku, tukianzia Paris. Gari la kukodi linawezekana, ila tukiweza kulikwepa afadhali. Tarehe ni ama mwisho wa Aprili, ama katikati ya Oktoba. Picha zote mtandaoni zinafanana, maji na miti tu. Tofauti yenyewe ni ipi?

Mzee wa Ramani
Tofauti ni nani mwenye tuta. Mabwawa mengi ya huko ni kazi ya mikono ya watu tangu zama za kati: walikinga kibonde kwa tuta la udongo, wakaweka mlango wa maji, wakafuga samaki, hasa karpi. Mpaka leo mengi ni mali ya watu binafsi. Kwa hiyo unaweza kuona kwenye ramani mabwawa thelathini, ukatembea kutwa nzima kati ya ua na ua, na maji usiyaone ila kwa kuchungulia.

Kwa kundi lako ningeanza na Brenne, mkoa wa Indre. Ni hifadhi ya kimkoa tangu 1989, ina mabwawa zaidi ya 3,000, na ardhi ni tambarare kasoro vilima vidogo vya mawe mekundu ambavyo wenyeji huviita "buttons". Anzieni Maison du Parc, kituo cha wageni cha hifadhi, pale Le Bouchet karibu na Rosnay. Hapo mnapata ramani za mizunguko mifupi na kuuliza njia ipi ina maji wiki hiyo. Jirani pana Étang de la Mer Rouge, bwawa kubwa kuliko yote ya Brenne. Jina hilo ni Bahari ya Shamu kabisa. Husimuliwa kwamba bwana wa ngome ya Bouchet alilileta akitoka vita vya msalaba. Siku ya pili nendeni hifadhi ya Chérine, upande wa Saint-Michel-en-Brenne, kwenye vibanda vya kuangalia ndege. Mama anakaa kwenye benchi na darubini saa nzima, na hakuna anayeona amechelewesha safari.

Kasoro ni usafiri. Treni kutoka Paris-Austerlitz inafika Châteauroux kwa saa mbili hivi, halafu bado kuna karibu kilomita 40 hadi Mézières-en-Brenne. Mabasi ya mkoa yapo, lakini ratiba zake hazikupangwa kwa ajili ya mtembezi. Bila gari, Brenne haifai.

Mille Étangs ni nzuri kwa macho, mbaya kwa goti. Mashimo yale yalichongwa na barafu ya kale, mengine yakaachwa na wachimba mboji, na njia inapanda na kushuka kila mara juu ya mawe na mizizi. Kilomita 8 za kule si sawa na kilomita 8 za Brenne.

Reli_Kwanza
Mzee, umeiruka Sologne. Kwa asiye na gari ndiyo jibu. Panda treni Paris-Austerlitz, badili Les Aubrais karibu na Orléans, kisha ile ya kwenda Vierzon: inasimama La Ferté-Saint-Aubin, Lamotte-Beuvron, Nouan-le-Fuzelier na Salbris. Shukeni Lamotte-Beuvron. Ndani ya mji huohuo unaanza mfereji wa Canal de la Sauldre, kilomita 47 hadi Blancafort. Ulichimbwa karne ya 19 kuleta udongo wa chokaa wa kurutubisha mchanga chachu wa Sologne. Mashua za mizigo ziliacha kupita zamani. Imebaki njia tambarare kando ya maji, chini ya miti.

Faida yake kubwa kwa mwenye goti ni kwamba mnakwenda na kurudi njia ileile. Mzunguko wa kilomita 10 ukishafika katikati huna pa kukatisha, lazima uumalize. Kwenye mfereji, goti likianza kulalamika kwenye kilomita ya tatu, mnageuka. Angalieni tu treni ya kurudi kabla ya kuondoka, maana Jumapili hupungua. Mkibaki na nafasi, hoteli ya akina dada Tatin, wale wa pai ya matofaa ya kupinduliwa, iko mkabala na kituo.

Mpita_Njia
Kwenye mfereji nakubali. Ukiutoka tu, Sologne ni nchi ya fensi. Wenye mashamba ya uwindaji walizungushia misitu nyaya ndefu hata wanyama wakashindwa kupita. Sheria ya Februari 2023 inataka fensi hizo zisizidi mita 1.20 na ziache sentimita 30 chini, na wenyewe wana mpaka mwanzo wa 2027 kuzirekebisha. Lakini sheria hiyohiyo imeleta faini kwa anayeingia shamba au msitu wa mtu pale ambapo umiliki umeoneshwa wazi, mathalani kwa kibao. Usidhani fensi ikishushwa umekaribishwa ndani.

Kujua njia ni ya nani: fungua tovuti ya ramani za serikali (Géoportail, ambayo nafasi yake inachukuliwa na cartes.gouv.fr), weka ramani ya IGN, taasisi ya ramani ya taifa, ya 1:25,000 (sentimita 4 ni kilomita moja), kisha juu yake weka tabaka la viwanja. Njia ya kijiji aghalabu huonekana kama utepe mweupe usio na namba ya kiwanja. Njia inayokatiza ndani ya kiwanja chenye namba huenda ikawa ya mtu, hata kama programu ya simu imeichora vizuri. Kosa la wengi liko hapo: wanafuata mstari uliopakiwa na mtembezi mwingine ambaye naye alipita bila ruhusa.

Vibao navyo visomwe vizuri. "Propriété privée" maana yake usiingie. "Chasse gardée" inahusu haki ya kuwinda. Ukikiona kando ya njia ya umma, endelea na safari yako.

Bi Darubini
Dombes ina watetezi? Niiseme kwa kifupi. Iko kaskazini-mashariki ya Lyon, treni ya Lyon–Bourg-en-Bresse inasimama Villars-les-Dombes, na kwa ndege ni tajiri sana. Kwa miguu ni maskini: matuta mengi ni ya watu na vipande virefu ni barabara ya lami isiyo na kivuli. Halafu wana desturi ya kujaza bwawa miaka kadhaa, kisha kulikausha mwaka mmoja walime nafaka humo. Bwawa la kwenye ramani yako laweza kuwa shamba la mahindi mwaka huu. Kutoka Paris kwa siku tatu, isingekuwa chaguo langu.

Tafuta_Kivuli
Asanteni, Dombes na Mille Étangs nimezifuta. Sasa Aprili au Oktoba?

Bi Darubini
Aprili. Mabwawa yamejaa, matete bado mafupi, kwa hiyo unaona ndani. Kongoti wa zambarau na mbayuwayu wanakuwa wamerudi kutoka Afrika, kusini mwa Sahara. Siku ikiwa na jua, tazameni magogo yaliyoelea: kobe wa maji wa Brenne huyapanda kuota jua, na akisikia hatua anajitosa. Simameni mita 30 kabla, msogee taratibu.

Oktoba mabwawa huanza kufunguliwa ili samaki wavunwe, na zoezi linaendelea majira ya baridi. Yamepangwa kama ngazi, la juu linamwagia la chini, kwa hiyo hufunguliwa kwa zamu. Mtu asiyejua anafika anakuta uwanja wa tope, anadhani ukame. Kuvua kwenyewe kunapendeza kutazama, ila picha za maji na majani mekundu hutazipata kila bwawa.

Mpita_Njia
Na Oktoba ni msimu wa bunduki. Uwindaji hufunguliwa Septemba na kwa kawaida hufungwa mwisho wa Februari. Misako ya nguruwe mwitu mara nyingi ni Jumamosi na Jumapili. Ukikuta kibao cha "Chasse en cours", yaani uwindaji unaendelea, usijaribu kupita upesi, badilisha njia. Mtakaoenda Oktoba vaeni fulana ya rangi ya chungwa, mtoto pia, na mtembee katikati ya wiki. Na uyoga wa msitu wa mtu ni mali ya mwenye msitu, hata ukiota pembeni ya njia.

Mama Chausiku
Wanaume mmeongea ramani, viatu hamjagusa. Udongo wa Brenne na Sologne ni mchanga juu, mfinyanzi chini, maji hayazami. Mwisho wa Aprili penye kivuli bado kuna tope la kufika kifundo cha mguu, hasa magurudumu ya trekta yalipopita. Buti la juu ya kifundo lenye soli ya meno linatosha, na soksi jozi ya pili kwenye mfuko wa plastiki. Mama apewe fimbo mbili, siyo moja: tope linateleza kwa ubavu, na goti huumia kwa kujipinda kuliko kwa kupanda.

Kupe. Aprili wameshaamka. Hawadondoki kutoka mtini kama watu wanavyodai, wanangoja kwenye nyasi na vichaka vya kando. Suruali ndefu, ncha ndani ya soksi, mtembee katikati ya njia. Jioni kagua nyuma ya magoti, kinena, makwapa, na kwa mtoto nyuma ya masikio na kwenye nywele. Duka la dawa linauza kijiti cha kung'olea: unateleza chini ya kupe, unazungusha, unainua. Msipake mafuta wala kuchoma kwa moto, kupe akisumbuliwa hutapika ndani ya jeraha. Andika tarehe, duara jekundu linalopanuka ndani ya mwezi mmoja ni la kumwonesha daktari.

Viwavi wenye manyoya wanaotembea kwa mstari chini ya misonobari, mtoto asiwaguse hata kwa kijiti. Manyoya yanawasha ngozi na macho.

Mzee wa Ramani
Nyongeza ya saa: vibao vya njia hukadiria mwendo wa kilomita 4 kwa saa. Kwa kundi lenye mama na mtoto kwenye tope wekeni 3, na nusu saa ya ziada kwa kila kibanda cha ndege. Mizunguko mifupi ina alama ya njano, njia ndefu za GR nyeupe na nyekundu. Ukiona msalaba wa rangi hizo umekosea njia: rudi mpaka alama ya mwisho uliyoiona, usikate kati.

Maji ya kunywa vijijini: makaburi mengi yana bomba, ila soma kibao, "non potable" hayanyweki.

Tafuta_Kivuli
Nimeelewa. Tunaenda Aprili: siku mbili Brenne kwa gari la kukodi kutoka Châteauroux, na siku ya tatu mfereji wa Lamotte-Beuvron kwa treni. Kuna njia ya akiba karibu na Paris endapo mvua itaharibu mpango?

Reli_Kwanza
Étangs de Commelles, msitu wa Chantilly. Treni ya vitongoji ya RER D hadi Orry-la-Ville–Coye, kisha kwa miguu msituni hadi mabwawa manne yaliyopangana, kazi ya watawa wa abasia ya Chaalis. Nusu siku inatosha. Kituo kiko nje ya Île-de-France, jimbo la Paris, kwa hiyo hakikisheni tiketi inafika huko.

Mama Chausiku
Mwisho wa Aprili, ingieni kwenye kalenda kabla ya kulipa chochote. Tarehe 1 Mei karibu kila kitu kinafungwa, na Jumatatu maduka mengi ya vijijini hayafunguliwi. Mkate na maji ya siku hizo yanunuliwe jana yake, kabla ya saa sita mchana ikiwa jana yake ni Jumapili.